Je, kilomita za pikipiki zinapunguza kodi? Jibu kwa muuza korosho wa Mikindani

Swali: Shikamoo mama. Nipo Mikindani, nakaanga korosho nyumbani, nafunga pakiti za robo kilo na kuuza Sh 8,000 kwa WhatsApp na Instagram. Wateja wangu wako Mtwara mjini na Dar es Salaam. Natumia pikipiki ya mume wangu, mdogo wangu ndiye anayeiendesha. Mara mbili kwa mwezi anafuata korosho zilizobanguliwa kwa kikundi cha akina mama Tandahimba, na mara tatu kwa wiki anapeleka mizigo mjini na stendi. Pikipiki hiyohiyo inapeleka watoto shule. TIN ninayo, mwaka huu nimekadiriwa Sh 250,000. Kwa mwezi nauza kama laki nane. Nimeona video ya mama mmoja aliyeko Marekani anasema kila maili unayokwenda kwa ajili ya biashara uiandike, mwisho wa mwaka unaitoa kwenye kodi. TRA nao wanakubali? Na nianzeje, maana sijawahi kuandika hata siku moja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimekaa na hesabu za wafanyabiashara wadogo wa Mtwara na Lindi kwa miaka mingi, na swali hili naulizwa mara kwa mara siku hizi, tangu watu waanze kujifunza biashara kwa video za nje. Nitakujibu kwa tarakimu zako mwenyewe, kwa hiyo chukua kalamu.

Kwanza jibu la moja kwa moja. Kwa namna unavyolipa kodi sasa hivi, kilomita za pikipiki hazitakupunguzia hata shilingi moja. Lakini lile daftari ambalo hujawahi kulianza litakupunguzia Sh 82,000 kwa mwaka. Na ndani ya daftari hilo, ukurasa wa kilomita utakuonyesha fedha nyingine inayokutoka kila mwezi, ambayo kwa mwaka ni kubwa kuliko kodi yako yote.

Yule mama wa kwenye video hakukudanganya, anasema ya kwao. Marekani mamlaka yao ya kodi inatangaza kiwango kimoja kwa kila maili ya biashara: mwaka 2024 kilikuwa senti 67 za dola, mwaka 2025 kikawa senti 70. Mfanyabiashara anazidisha maili zake kwa kiwango hicho, anatoa kwenye mapato, na hahitaji kuonyesha risiti ya kila lita ya mafuta. Anachotakiwa kuonyesha ni kumbukumbu ya safari: tarehe, alikokwenda, kwa nini, maili ngapi. Uingereza nao wana chao, pensi 45 kwa gari katika maili 10,000 za kwanza na pensi 24 kwa pikipiki. Viwango hivyo viliwekwa ili kurahisisha kazi kwa pande zote mbili, mlipakodi na ofisa.

Sisi hatuna kiwango cha namna hiyo kwa mfanyabiashara. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina kanuni kuu kuhusu matumizi: kinachotolewa kwenye mapato ni kile kilichotumika chote na kwa ajili tu ya kuzalisha mapato hayo. Kwa hiyo anayetoa gharama za usafiri hapa kwetu anatoa gharama halisi, mafuta aliyonunua, oili aliyobadilisha, tairi alilofunga, tena kwa ushahidi. Kilomita peke yake si gharama. Kilomita ni kipimo cha kugawa gharama, ile sehemu iliyoenda kwenye biashara itengwe na ile iliyopeleka watoto shule.

Na wewe bado hujafika kwenye kutoa gharama. Upo kwenye kodi ya makadirio, ile ya mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100. Kodi hii inahesabiwa kwenye mauzo ghafi. Ofisa haulizi korosho ulinunua kwa shilingi ngapi wala pikipiki imekunywa lita ngapi, anauliza umeuza kiasi gani. Watu wengi wanakuja kwangu na mfuko wa risiti za mafuta wakidhani zitapunguza makadirio yao, na inanilazimu niwaeleze kwamba risiti hizo zina kazi, ila si hiyo.

Sasa tazama mauzo yako. Laki nane kwa mwezi ni Sh 9,600,000 kwa mwaka. Hapo upo kwenye ngazi ya kati ya milioni 7 na milioni 11. Ngazi hiyo ina bei mbili. Asiyetunza kumbukumbu analipa Sh 250,000 bila kujali yuko chini au juu ya ngazi, ndiyo hiyo uliyoandikiwa. Anayetunza kumbukumbu analipa Sh 90,000 pamoja na asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi milioni 7. Kwako yaliyozidi ni 2,600,000, asilimia 3 yake ni 78,000, jumla Sh 168,000. Ukigawa kwa awamu nne, za mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, unalipa Sh 42,000 kila awamu badala ya 62,500. Kadirio lako lijalo likikaribia, nenda ofisini na daftari mkononi. Viwango hivi vinaweza kuguswa na Sheria ya Fedha inayoanza kila Julai mosi, kwa hiyo siku unayokwenda uliza kama jedwali bado ni hilo. Na kwa ajili ya ndugu zako wanaouza kidogo zaidi: mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi hii kabisa.

Kumbukumbu zenyewe si jambo la kutisha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka uwe na maandishi ambayo mtu mwingine akiyasoma anaweza kujua umeuza nini na kodi yako imetoka wapi, na uyatunze kwa miaka 5. Nenda dukani ununue kaunta buku moja la kwaya tatu. Mbele andika mauzo, kila siku, hata siku uliyouza pakiti moja, na hata siku ambayo hukuuza andika tarehe na sifuri. Katikati andika manunuzi na matumizi. Nyuma, kwa kuligeuza daftari, anza ukurasa wa safari. Fedha nyingi unapokea kwa simu, kwa hiyo taarifa ya miamala ya mwezi mzima unaweza kuiomba na kuilinganisha na ukurasa wa mauzo. Zisipolingana, tafuta kwa nini siku hiyohiyo. Shangazi akikutumia fedha ya msiba kwenye namba ya biashara, iandike kwamba si mauzo, la sivyo mwaka mmoja utaulizwa na utakuwa umesahau. Afadhali zaidi uwe na laini ya biashara peke yake.

Sasa tufike kwenye pikipiki, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kukaa na wewe.

Umesema hujawahi kuandika safari. Tuanze na dashibodi. Ile mita ya kilomita ndiyo itakuwa shahidi wako, kwa hiyo hakikisha kwanza inatembea. Pikipiki nyingi za huku waya wa mita umekatika na hakuna aliyeujali. Fundi ataurudisha kwa fedha ndogo. Kisha mpe mdogo wako daftari dogo la mfukoni, liwe kwenye mfuko wa nailoni, maana kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili mvua itamkuta njiani. Kila safari aandike mstari mmoja, kabla hajashuka kwenye pikipiki, si jioni. Jioni mtu anakadiria. Mstari wenyewe uwe hivi: "Jumanne tarehe 4, Mikindani hadi stendi Mkanaledi na kurudi, mizigo 3 ya Dar, mita 18,412 hadi 18,434, kilomita 22." Safari ya shule nayo iandikwe, "shule, kilomita 6", kwa sababu bila kujua za nyumbani huwezi kujua za biashara ni sehemu gani ya zote.

Kujua pikipiki inakula kiasi gani usisikilize maneno ya kijiweni. Mwambie ajaze tanki mpaka juu, asome mita. Atembee wiki nzima kama kawaida. Kisha ajaze tena mpaka palepale, asome mita tena. Kilomita alizotembea gawa kwa lita zilizoingia safari hii ya pili. Fanya hivyo mara mbili au tatu, kwa sababu wiki ya lami si sawa na wiki ya barabara ya Tandahimba. Wewe unaijua ile njia: lami ilifika Mnivata kwanza, kilomita 50 kutoka Mtwara, na kutoka hapo kwa miaka mingi imekuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Cheni na tairi zinakwisha huko kuliko mjini, na mafuta yanaliwa zaidi.

Tuseme kipimo kimekuonyesha kilomita 40 kwa lita, na kwa urahisi wa hesabu tuweke lita Sh 3,000. Bei halisi ya mwezi utaipata kwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara yana bei yake kwenye jedwali. Tandahimba kwenda na kurudi kutoka Mikindani tuweke kilomita 200, mara mbili kwa mwezi ni 400. Mjini na stendi kilomita 22, mara tatu kwa wiki, ni kama 290 kwa mwezi. Za biashara jumla 690. Tuseme mita inaonyesha pikipiki imetembea kilomita 1,000 mwezi huo. Basi asilimia 69 ni biashara, asilimia 31 ni watoto, ibada, harusi na shughuli za mzee.

Kilomita 1,000 ni lita 25, Sh 75,000. Oili, cheni, pedi za breki na akiba ya matairi, kwa wastani tuseme Sh 35,000 kwa mwezi. Jumla Sh 110,000 kwa kilomita 1,000, maana yake Sh 110 kwa kila kilomita. Hicho ndicho kiwango chako, na kimetoka kwenye pikipiki yako na barabara zako. Ukizidisha kwa kilomita 690 za biashara, usafiri wako wa mwezi ni Sh 75,900.

Kwa mwezi unauza laki nane, yaani pakiti 100. Gawa. Kila pakiti ya Sh 8,000 imebeba Sh 759 za pikipiki. Je, ulipopanga bei ya 8,000 uliiweka hiyo? Wengi wa wanaouza nyumbani hawaiweki, kwa sababu mafuta yanatoka mfukoni kidogo kidogo, elfu tatu leo, elfu tano keshokutwa, na pikipiki ipo tu uani kama kiti. Wanahesabu korosho, mkaa, chumvi na mifuko, wanasema faida ni hii. Kisha mwisho wa mwezi wanashangaa fedha iko wapi.

Ukiendelea kusoma ukurasa huohuo, utakutana na Tandahimba. Pakiti 100 za robo kilo ni kilo 25, na ukiweka kilo moja ya zilizovunjika au kuungua, mwezi mzima unahitaji kilo 26. Mdogo wako anakwenda mara mbili, kila mara analeta kilo 13. Kila safari kilomita 200 kwa Sh 110 ni Sh 22,000, kabla hajala njiani. Gawa kwa kilo 13, kila kilo imeongezeka Sh 1,692 kabla hujawasha jiko. Akienda mara moja akaleta kilo 26, ni Sh 846. Kilo 26 ni mzigo wa kawaida kwa pikipiki, na korosho iliyobanguliwa ikikauka vizuri na kufungwa isipitishe hewa inamaliza mwezi bila shida. Umeokoa Sh 22,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh 264,000.

Linganisha na kodi yako, Sh 168,000. Safari moja iliyopunguzwa kila mwezi inakulipia kodi ya mwaka mzima na inabaki Sh 96,000. Huenda sababu ya kwenda mara mbili ni mtaji, huna fedha ya kununua kilo zote kwa mkupuo. Basi hiyo ndiyo shida ya kuitatua. Zungumza na kile kikundi cha akina mama wabanguaji wakutunzie, au ungana na muuzaji mwenzako wa Mtwara mjini, safari moja ilete mizigo ya watu wawili na mafuta mgawane. Au waulize kama wanaweza kukupakilia kwenye gari la abiria linalokuja Mtwara, kisha linganisha nauli ya mzigo na 22,000. Huwezi kulinganisha kama hujui 22,000.

Hapo utaniuliza, na ni haki yako: kama gharama zangu ni hizi zote, kwa nini nilipe kodi kwenye mauzo? Kwa nini nisiende nikalipe kwenye faida? Sheria inakuruhusu. Mtu wa makadirio anaweza kuchagua, kwa mwaka wa mapato, kutoka humo na kuhesabiwa faida. Mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba. Ukichagua, ndipo ule ukurasa wa kilomita unaingia kwenye kodi kweli.

Tujaribu. Mauzo 9,600,000. Korosho kilo 26 kwa mwezi, tuseme Sh 17,000 kwa kilo, kwa mwaka Sh 5,304,000. Mifuko, mkaa, chumvi na nauli za vifurushi tuweke Sh 60,000 kwa mwezi, mwaka 720,000. Inabaki 3,576,000. Toa usafiri wa biashara, 75,900 mara 12, ni 910,800. Faida Sh 2,665,200. Kodi ya mtu binafsi haianzi mpaka mapato ya mwaka yazidi Sh 3,240,000, kwa hiyo kodi yako kwenye karatasi ni sifuri. Bila kutoa usafiri ungezidi kwa 336,000, na kwa kiwango cha asilimia 8 cha ngazi ile ungelipa Sh 26,880. Hiyo ndiyo thamani ya kilomita zako zote za mwaka machoni pa kodi: elfu ishirini na sita na kitu.

Sifuri inavutia, naelewa. Lakini tazama ule mstari wa Sh 5,304,000. Korosho zako unanunua kwa akina mama wa kikundi, na ulichopata kwao ni nini? Mara nyingi ni karatasi iliyokatwa kwenye daftari la shule, au hakuna kabisa. Ofisa akikaa na hesabu zako ataomba risiti halali, na akiukataa mstari huo kwa kukosa ushahidi, faida yako inapanda kutoka 2,665,200 hadi 7,969,200. Kodi ya hapo ni Sh 240,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 6,240,000, yaani 345,840. Jumla Sh 585,840. Ulikuwa unakimbia 168,000.

Niliwahi kumpokea mchuuzi wa samaki kutoka Lindi aliyeingia kwenye njia hiyo kwa kushauriwa kijiweni. Alikuja na kopo la biskuti limejaa risiti za mwaka mzima, za mafuta, za barafu, za magari ya kukodi. Nilipozitoa moja moja, zaidi ya nusu zilikuwa nyeupe. Karatasi ile ya mashine haitumii wino, inachapwa kwa joto, na kopo lilikuwa limekaa kwenye dirisha la jua la mchana. Unaona kivuli cha tarakimu, husomi kitu. Mtu mwaminifu, ametumia fedha kweli, na hana cha kuonyesha. Nilisikitika siku ile, na tangu hapo kila mteja wangu namwambia: risiti ikitoka tu, ipige picha kwa simu, kisha iandike kwenye daftari tarehe, namba yake na kiasi. Karatasi iweke kwenye bahasha ya mwezi, gizani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni ubaki kwenye makadirio kwa sasa, ukiwa na daftari. Siku utakapoanza kununua korosho kwa mbanguaji anayetoa risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti, mauzo yamekua na faida kwa kila pakiti ni nyembamba, rudi tufanye hesabu upya. Usisahau kwamba mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka utatakiwa na wewe kuwa na mashine ya EFD. Wewe upo 9,600,000. Mwezi wa Desemba mzuri, wateja wa Dar wakiagiza za sikukuu, unaweza kuvuka bila kujijua, na atakayekuambia mapema ni ukurasa wa mauzo.

Lakini anza leo kuomba risiti, hata kama leo hazipunguzi kodi. Sheli ukijaza mafuta dai risiti ya mashine na utaje TIN yako, si ya mume wako. Kagua kiasi kabla hujaondoka. Ni wajibu wa mnunuzi kudai, kama ulivyo wajibu wa muuzaji kutoa. Kwa bodaboda unayemkodi siku pikipiki yenu iko kwa fundi, mlipe kwa simu na uandike jina lake na safari kwenye daftari. Haitakuwa sawa na risiti ya EFD, ila ni bora kuliko kumbukumbu ya kichwa. Vifurushi vya basi, chukua ile stakabadhi ya mzigo, ipige picha pamoja na namba ya gari, maana hiyo inakusaidia pia mzigo ukichelewa Dar na mteja akianza kulalamika.

Kuhusu pikipiki kuwa ya mume wako. Mafuta na matengenezo uliyolipa wewe kwa ajili ya biashara ni gharama yako, haijalishi kadi ina jina la nani, mradi ushahidi unaonyesha ni wewe uliyelipa na kwa kazi gani. Punguzo la uchakavu ni jambo jingine. Hilo linamfuata mwenye mali, na wewe si mwenye mali, kwa hiyo siku ukihamia kwenye kodi ya faida usiliweke. Wala usitafute kwenye hesabu zako ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka. Iliondolewa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, unailipa ndani ya kila lita.

Na safari zilizochanganyika, zile ambazo mdogo wako anapeleka mtoto shule kisha anaendelea stendi na mizigo? Andika mistari miwili. Nyumbani hadi shule ni ya familia, shule hadi stendi na kurudi ni ya biashara. Kama shule iko njiani kabisa na asingepinda popote, ile safari ilikuwa ya stendi, mtoto amepewa lifti. Kama amezunguka kilomita 4 kwa ajili ya shule, hizo 4 zitoe. Akipitia sokoni kuchukua mboga za nyumbani akiwa anarudi stendi, hakuna haja ya kuvunja safari, ila akienda sokoni tu, si ya biashara hata kama alibeba pakiti mbili za kumuonyesha jirani. Kwa kuwa korosho zinakaangwa na kufungwa hapo nyumbani, hapo ndipo mahali pako pa kazi, na mizigo ikitoka mlangoni safari ya kikazi imeshaanza. Aliyepanga fremu mjini, akalala Mikindani, kwake ile ya asubuhi kwenda dukani ni ya kwake binafsi.

Usijaze safari za zamani kwa kukumbuka. Mtu akiona mistari ya miezi sita imeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, kilomita zote zinaishia na sifuri, hataamini hata ile ya kweli. Miezi iliyopita iache. Pikipiki ikirudi leo jioni, nenda uani na tochi ya simu, soma mita, na kwenye ukurasa wa kwanza wa nyuma andika tarehe na namba hiyo peke yake. Kesho asubuhi kabla hajawasha, mdogo wako aanzie hapo.